Trekta, Jukwaa na Mama Mkwe

Jumapili, 2 Juni

Mke wangu ametoa hukumu. Mezani, hata mikono sijanawa. Jumatatu ya tarehe 10 mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja na lori kumchukua Babu.

Babu ni trekta. Nieleze, kwa faida ya vizazi vitakavyosoma shajara hii. Baba alipofariki, kaka alirithi shamba, mimi nikarithi trekta. Kaka akauza shamba kabla machozi hayajakauka. Nikabaki mwenye trekta bila shamba, nami ni fundi cherehani. Lakini siuzi! Utoto wangu wote nilikaa juu ya bati la gurudumu la nyuma, baba akilima, mimi nimemshika shati. Nikimwona Babu anakatwakatwa nitalia mbele za watu, na sitaona aibu.

Chanzo cha hukumu: mama mkwe anahamia kwetu Jumamosi. Chumba kipo. Anachodai ni baraza. Kule anakopanga ana baraza linalotazama njia, na hapiti mtu bila yeye kujua katoka wapi na kabeba nini. Bila baraza hahami. Na mahali pekee penye kufaa baraza kwetu ni pale getini, anapokaa Babu. Nimependekeza Babu asogezwe. Mke wangu kauliza asogezwe na nani. Swali la kuudhi. Stata ya Babu ilikufa zamani. Ili awake, lazima abingirike kwenye mteremko ulio nje ya geti, niachie klachi, ashtuke. Ndiyo maana anakaa pale juu, uso nje. Hakai pale kwa kiburi.

Nimejitetea sana. Nimepewa sharti: Babu akifanya kazi moja ya maana kabla ya lori kufika, moja tu, atabaki. Asipofanya, aende.

Shemeji, kaka yake mke wangu, alikuwepo. Kacheka mpaka kijiti cha meno kikamdondoka. Kamwambia dada yake asihangaike, vyombo vya mama vitapanda pikapu yake. Pikapu! Anaiosha kila asubuhi kama mtoto mchanga, tena getini kwetu, kwa maji yetu, mpaka pale pamekuwa tope tupu.

Hapo hapo wazo likanijia. Vyombo vya mama mkwe vitabebwa na Babu!

Jumatatu, 3 Juni

Sikufungua duka. Mteja wa suruali ya harusi kapiga hodi, nimejificha nyuma ya cherehani. Mambo makubwa hayataki kelele.

Mpango huu hapa. Babu ana mikono miwili ya chuma nyuma, iliyokuwa ikiinua plau. Injini ikiwaka, navuta kishikio, mikono inapanda. Injini ikizimwa, mikono inashuka yenyewe polepole huku ikihema, kama bibi anayejishusha kitini. Kwenye mikono hiyo nitaning'iniza jukwaa. Jukwaa pana, la kubeba kabati, kitanda, na heshima yangu.

Nimekata kiolezo kwa pazia kuukuu la sebuleni. Watu wengine hukurupukia chuma moja kwa moja. Sisi mafundi wa kweli hukata kiolezo kwanza. Nimekitandika nyuma ya Babu, nikakibana kwa pini, nikarudi nyuma kutazama. Kinamkaa vizuri sana. Jirani kauliza kama trekta linaolewa. Nimeongeza pini.

Mke wangu kaja kutazama. Nikamweleza kila kitu, na mikono itakavyoinua. Kauliza swali moja tu: na ukizima?

Nikamwambia sizimi.

Kaniangalia kidogo, kaondoka. Nimeshinda hoja.

Jumanne, 4 Juni

Jukwaa lazima liwe refu kuliko bodi ya nyuma ya pikapu ya shemeji. Shibiri moja tu. Si kwa ushindani, ni kwa utulivu wa moyo.

Nimedamka kwenda kuipima. Nimetambaa na futi kamba yangu shingoni. Upana, tayari. Urefu, nusu. King'ora! Pikapu inalia kama imeibiwa figo. Shemeji katoka na taulo na rungu. Kaniona nimelala chini ya mkia wa gari lake. Akili yangu haijawahi kunitupa: nikamwambia nampimia turubai la gari, zawadi, nilitaka iwe siri.

Rungu likashuka. Macho yakamlegea. Kanikumbatia, taulo likiwa mashakani. Kasema siku zote alijua mimi si mtu mbaya, ila nimeoa mapema. Anataka turubai la bluu, lenye pindo jeupe. Na mifuko.

Kwa hiyo nina jukwaa la kujenga na turubai la kushona. Maji yamezidi unga, lakini vipimo ninavyo.

Jumatano, 5 Juni

Fundi wa kuchomelea ndiye bora kuliko wote mtaani, kwa ushahidi wake mwenyewe. Miwani nyeusi haivui hata akinywa chai. Nimempelekea pazia. Kaliinua, kaligeuza, kauliza limeharibika wapi. Nikamwambia hicho ndicho kiolezo, akate chuma hivyo hivyo. Kasema amechomelea mageti ya watu wazito, hajawahi kuletewa pazia. Nikamwambia ndiyo maana mageti yake yanalia.

Chuma nimekipata kwa busara. Kitanda cha chumba cha wageni, cha chuma kizito, cha zamani, hakuna anayekilalia, maana mama mkwe anakuja na chake. Na mlango wa banda la kuku, kwa sakafu. Mke wangu bado sijamwarifu. Ana mengi ya kuwaza.

Jioni kuku wote wamelala jikoni. Nimearifu.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya kuvaa mara ya kwanza. Jukwaa limeletwa kwa mkokoteni, wanaume wanne wakilalamika uzito. Zito kweli! Kitu kizuri ni kizito.

Tumelivisha mikono ya Babu. Halikukaa. Linapwaya. Linacheza kushoto na kulia kama gauni la kuazima. Fundi akapima mashimo, akapima tena, akaniuliza mbona kila upande umezidi upana wa vidole viwili. Nikamweleza kwa upole kwamba hiyo ni nafasi ya pindo. Huwezi kukata kitambaa bila kuacha nafasi ya pindo, hata mwanafunzi wa cherehani anajua hilo. Kaligonga jukwaa kwa kidole. Kisha kauliza, chuma nitakipinda na kukishona kwa uzi gani?

Hapa nakiri palikuwa na kutoelewana kati ya fani mbili. Kosa ni lake. Angeniuliza mapema.

Kalirudisha karakana kulipunguza kiuno. Na mimi, kwa kuwa sipendi kuonekana nimeshindwa, nimeagiza nyongeza: miguu minne chini, ili likitua lisimame sawasawa kama meza. Miguu iwe na ncha, inapendeza. Kauliza kama nina hakika. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nikamwambia. Kaweka ncha.

Rangi bluu. Ileile ya pikapu. Aumie.

Ijumaa, 7 Juni

Leo nimekuwa mtu!

Nimemtoa Babu getini peke yake, bila jukwaa. Kabingirika, nikaachia klachi, kakohoa, katema moshi, kawaka! Sauti ya baba ile. Mwili mzima umenisisimka. Nimempandisha mlima tena, nikageuza, tukaliweka jukwaa injini ikiunguruma, pini zikaingia kama kidole kwenye pete. Nikavuta kishikio. Mikono ikapanda. Jukwaa likapanda! Bluu, linang'aa, juu ya ardhi. Majirani wakapiga makofi. Fundi wa kuchomelea kawaambia wazo lilikuwa lake.

Nimepakia mfuko wa mchanga na mteja wa suruali ya harusi, ambaye alikuwa kanifuata mpaka nyumbani. Nimewazungusha mtaa mzima. Suruali nimemwahidi wiki ijayo, hakuweza kubisha kwa sababu ya kelele.

Jioni mke wangu katoka na taa. Kauliza kama sasa nazima. Nikamkumbusha nilichosema Jumatatu. Mimi ni mtu wa neno langu. Babu akiwashwa Ijumaa atazimwa baada ya kazi, si kabla.

Jumamosi, 8 Juni

Hakuna aliyelala mtaa huu. Jirani karusha kiatu uani kwetu, cha kushoto. Wenye wivu.

Asubuhi nimefika kwa mama mkwe nikiwa nimevaa koti. Yeye alikuwa barazani kwake, mkoba mapajani, anaagana na njia. Nikampigia shikamoo kutoka kwenye usukani. Hakusikia. Nikapiga kwa nguvu zaidi. Kasikia wa mtaa wa pili, kaitikia. Mama mkwe kageuzia uso ukutani. Baadaye nikaambiwa kamwambia mwanawe kwamba mkwe wake siku hizi anamsalimia kwa moshi.

Neno hilo limenichoma. Mbele ya mama mkwe yule sijawahi hata kukunja nne.

Lakini kazi ikaenda! Kabati la nguo, zima, lenye kioo. Kitanda. Godoro. Masufuria makubwa. Na juu ya yote kiti chake cha mbao chenye mikono, nimekifunga kwa kamba ya mapazia. Jukwaa limebeba vyote. Shemeji kaachiwa ndoo, mkeka na mama yake. Pikapu ikatangulia tupu tupu kama imetumwa chumvi. Mimi nyuma, taratibu, kifua mbele. Njia nzima watu wanatazama. Laiti baba angeniona.

Sasa niandike lililotokea getini, kwa utulivu.

Pikapu ilikuwa imeshaingia uani. Nimepanda mlima, nimeingiza pua ya Babu getini, mwili katikati ya miimo, na mbele yangu, kizingitini hasa, kasimama mama mkwe na mkoba wake. Hajaingia ndani. Mke wangu kando yake ananitolea macho. Maana yake ilikuwa wazi: mama haingii nyumba ya mtu ambaye hajamsalimia. Injini inanguruma. Moshi unamwendea kwenye kitambaa cha kichwa.

Nauliza. Mwanaume gani aliyelelewa angempokea mama mkwe akiwa amekaa juu ya kiti, anapiga kelele kama mpiga debe? Mwanaume gani?

Nikazima.

Nikashuka. Nikavua kofia, nikainama. Shikamoo mama. Kaitikia marahaba mwanangu, kwa sauti nzuri, akauliza habari za kazi, nikamwambia njema, akauliza afya, nikamwambia namshukuru Mungu. Salamu kamili, hakuna iliyorukwa. Ilikuwa salamu bora ya maisha yangu. Na katikati yake nikasikia nyuma yangu mtu anahema.

Alikuwa Babu. Mikono ilikuwa inashuka. Jukwaa na kabati na kitanda na kiti vikashuka polepole, kwa adabu, kana kwamba navyo vinapiga goti. Miguu minne yenye ncha ikaingia kwenye tope la shemeji. Ikaingia. Ikaendelea kuingia. Kisha kimya.

Mke wangu hakuuliza swali lake. Ningependa angeuliza.

Jumapili, 9 Juni

Hali ilivyo. Jukwaa halipandi mpaka injini iwake. Injini haiwaki mpaka Babu abingirike. Babu habingiriki kwa sababu jukwaa limechimbia miguu ardhini. Nimelitafakari hili kwa pande zote, na pande zote ni mduara.

Tumeshusha vyombo kwa mikono, mimi, shemeji na jirani wa kiatu. Jukwaa tupu, tukalivuta juu. Halitingishiki. Tumeweka jeki ya pikapu: jeki ndiyo iliyoshuka, ikazama topeni, haijaonekana tena. Tumesukuma Babu nyuma. Miguu ikachimba zaidi. Tumesukuma mbele. Zaidi. Fundi wa kuchomelea kaja, katazama kupitia miwani, kasema wazo lilikuwa langu.

Na pikapu imo ndani! Geti ni moja, na getini yumo Babu. Shemeji kesho ana mzigo wa watu wa kubeba. Kageuka rangi zote. Kasema mambo kuhusu ukoo wangu ambayo hata mimi sikuyajua. Nikamkumbusha kwamba tope ni lake. Anaosha, anaosha, haya sasa. Kidogo tushikane mashati.

Mke wangu katufikia kabla. Mkononi kashika mnyororo wa geti, ambalo sasa halifungwi. Kanieleza kama anavyomweleza mtoto: mnyororo huu ungening'inizwa juu hapa, mgongoni mwa Babu, ukaishika mikono kabla ya kuzima, jukwaa lingebaki hewani, na kwa kushuka mteremko kinyumenyume Babu angewaka wakati wowote. Mnyororo. Ulikuwa hatua tano tu kutoka kwa Babu miaka yote. Kasema alitaka kuniambia Jumatatu nikamjibu sizimi. Kaniwekea mnyororo mkononi, kasema nikifanikiwa kumnyanyua, nisiutupe.

Nimemshukuru. Nimeona unafaa kutundikia futi kamba.

Mchana shemeji kachukua nyundo kimyakimya, kang'oa mabati mawili ya ua upande wa mnazi uliokauka, kapitisha pikapu. Hakuniaga. Wala turubai hakulidai, kwa hiyo siku haikuwa mbaya yote.

Usiku sikula. Kesho lori linakuja, maana mke wangu kasema kazi iliyoishia kuziba geti haihesabiwi. Nimekaa kwenye bati la gurudumu, mahali pangu pa utoto, nikagundua sina shati la kushika. Nimelia kidogo. Liandikwe.

Jumatatu, 10 Juni

Mnunuzi wa vyuma chakavu kafika na lori na vijana wake. Nimevaa koti la Jumamosi. Mtu aage wake akiwa nadhifu.

Tumetoka wote getini. Tukamkuta mama mkwe.

Alikuwa juu ya jukwaa. Kakaa kwenye kiti chake cha mbao, mkeka chini ya miguu, mkoba pembeni, kikombe cha chai juu ya gurudumu. Jukwaa limesimama sawasawa kama meza, limeangalia njia nzima, chini mpaka dukani, juu mpaka kisimani. Kumbe alipanda tangu alfajiri. Kapandia masufuria yake mawili, kayapindua yakawa ngazi.

Mnunuzi kaanza kumzunguka Babu anagonga gonga. Mama mkwe kamuuliza kama kwao hakuna salamu. Kasalimu. Kamuuliza anachogonga ni nini. Kasema chuma chakavu, kaitiwa. Mama mkwe kaweka kikombe chini. Kamwambia huyo aliyemwita ndiye aje amweleze yeye, mama yake mzazi, nani kaamua kuuza baraza lake hata wiki hajalikalia.

Sote tukageuka. Mke wangu kamtazama mama yake, kalitazama jukwaa. Kisha kaanza kucheka, kwanza kwa mabega, halafu wote, mpaka kashika mwimo wa geti. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo siku nyingi. Kasema sharti lilikuwa kazi moja ya maana. Kasema imefanyika. Kamwomba radhi mnunuzi, kampa chai.

Babu anabaki!

Mama mkwe kasema hajawahi kuwa na baraza zuri hivi. La zamani lilikuwa chini mno, watu walikuwa wanapita na vikapu vimefunikwa. Hapa anaona mpaka ndani. Jirani wa kiatu ameanza kupita njia ya nyuma.

Jioni kaniita nikae karibu yake, kwenye bati. Kasema trekta hili analikumbuka. Lilikuwa linapita mbele ya baraza lake enzi hizo, mwanaume mmoja mrefu anaendesha, na kitoto nyuma kimeng'ang'ania shati lake, makamasi yanashuka mpaka kidevuni. Nikamwambia atakuwa kaka huyo. Kanitazama. Kasema baraza halisahau sura. Kanipa kitambaa chake, nikapenga. Nilikuwa na furaha kuliko nilivyostahili.

Jumanne, 11 Juni

Nimetafakari yote kwa kichwa kilichotulia. Mafanikio ya wiki hii ni makubwa, na hayakuja kwa bahati. Nilijenga jukwaa, likabeba vyombo, mama mkwe kapata baraza, ua umepata geti la pili. Watu wanaona matope. Mimi naona mpango uliokamilika hatua kwa hatua.

Tatizo ni moja: Babu sasa ni baraza, hawezi kutembea, na jukwaa halina chombo cha kulibeba. Penye nia pana njia. Jana wakati mnunuzi anakunywa chai, kanong'oneza kwamba kwenye uwanja wake lipo trekta jingine, kuukuu kuliko Babu, ndugu yake kabisa. Injini nzima. Stata haina. Mikono ya nyuma ipo, inahema vizuri. Nitalijengea jukwaa mbele na nyuma. Shibiri mbili kuzidi la kwanza. Mama mkwe na kiti chake watapelekwa matembezini, na shemeji atajua hajui.

Mnunuzi kataka kitu cha kushikia ahadi mpaka nilichukue. Nilikuwa na mnyororo tu. Mzuri, mzito, bado haujatumika. Kaufurahia, kaondoka nao.

Nimekata kiolezo asubuhi hii. Pazia la chumbani. Safari hii pindo nimeacha vidole vitatu, kwa usalama.

Mke wangu kaja, kasimama mlangoni, katazama dirisha lililo wazi, katazama pazia chini, katazama msumari ambapo mnyororo ulikuwa umetundikwa. Kavuta pumzi. Kauliza swali lilelile.

Nikamwambia sizimi.